Yai la Mia

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Tumbini, uliopata umeme kabla ya kupata akili ya kuutumia. Sultani wake, Seyyid Mundhiri, alipenda taa mno, hata akaziwasha bustanini jua likiwa utosini, ili tausi wake waonekane vizuri.

Basi umeme wa mji ule ulitoka kwenye gurudumu la mtoni, mali ya Waziri, nao ulikuwa rahisi, maana maji hayadai mshahara. Ulipopungua, iliitwa injini ya dizeli, ambayo mafuta yake yaliletwa kutoka mbali kwa bei ya kuumiza. Na sheria ya soko ilikuwa hii: wa mwisho kuitwa ndiye anayeweka bei, na wote hulipwa bei yake. Mto uliutosha mji mzima. Zilizozidi ni taa za bustani tu. Kwa ajili ya taa hizo dizeli iliitwa kila siku, mji ukalipia hata umeme wa mto kwa bei ya dizeli, na Waziri akazidi kunenepa.

Alikuwapo fukara mmoja, jina lake Mbaruku, ambaye mkewe, Bi Mwanakheri, alikuwa na mashine ya umeme ya kusaga mahindi, na hiyo ndiyo riziki yao pekee. Bei ilipozidi kupanda mashine ikanyamaza, ikawa wiki ya pili jikoni hamjafuka moshi. Mbaruku akaenda barazani kushtaki. Sultani akakasirika kwamba mtu mwenye kanzu moja anamfundisha mambo ya soko.

"Leo adhuhuri nina wageni," akasema. "Niletee mayai mia, uyanunue kwa sheria ya soko letu. Likipungua moja, mashine ya mkeo ni yangu."

Ulikuwa msimu wa kuku kuatamia, mayai yakiwa adimu, na Waziri akacheka chini chini. Mbaruku akazunguka nyumba kwa nyumba, akapata mayai tisini na tisa, kila moja kwa senti moja. La mia hakuliona popote, ila yai la mbuni lililokuwa pambo katika duka moja, na mwenyewe hakulitoa chini ya rupia thelathini. Mbaruku akalichukua kwa furaha kubwa, akawaambia wauzaji wote waje ikulu wakalipwe.

Adhuhuri Mbaruku akaleta mayai yote mia, na Sultani akaona lango limejaa wanawake wanaotabasamu. Akauliza wanataka nini, akaambiwa wanadai rupia thelathini kwa kila yai. Akauliza tangu lini yai la kuku likawa na bei hiyo.

"Tangu ulipolihitaji la mia, Maulana," akajibu Mbaruku. "Wa mwisho kuitwa ndiye anayeweka bei, na wote hulipwa bei yake. Ungeridhika na tisini na tisa, ungelipa senti tisini na tisa."

Waziri akaanza kueleza kwamba mayai na umeme ni mambo mawili mbalimbali, lakini hakuna aliyemuuliza. Sultani akaitazama bustani yake ikiwaka juani, akaona haya kweli kweli. Kisha akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Akaamuru wauzaji walipwe kama sheria isemavyo, na fedha itoke kwa Waziri, aliyekwisha kula faida yake miaka yote. Halafu akashuka bustanini, akazizima taa kwa mkono wake mwenyewe. Injini haikuitwa tena, bei ikashuka siku ile ile, na kabla ya magharibi Bi Mwanakheri, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, alimsongea mumewe ugali. Mbaruku, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akaula wote, kisha akauliza kama umebaki mwingine.