Chai ya Mama Kilindo

"Gonga muhuri, binti, nimesema!"

"Sijayapima, bosi."

"Mimi nimeyapima kwa macho! Gonga, au wiki ijayo utakuwa unauza karanga stendi."

Mwanamvua, mpimaji wa vifaa vya umeme, aliyatazama mabirika mia tatu ya umeme aliyoyaleta tajiri Kilindo. Hakuruhusiwa kufungua hata boksi moja. Nje, barazani, wanunuzi walikuwa wanasubiri kuyabeba, na pamoja nao alikaa mama yake Kilindo, aliyekuja kumwombea mwanawe dua ya biashara.

"Haya, bosi, yaishe," alisema Mwanamvua, akachovya muhuri kwenye wino. "Mama yako mwenyewe hakungoja muhuri. Nimempa birika moja ajichemshie chai. Nadhani sasa hivi analichomeka."

Kilindo aliruka, akaangusha kiti, akafungua mlango kwa kishindo.

"Mama, acha! Usiliguse hilo birika, litakuua!"

Wanunuzi wote waligeuka wakamkodolea macho. Mama yake akasogea hadi mlangoni, chupa mkononi.

"Birika gani, mwanangu? Mimi nimepewa soda."